Hekalu Lenye Wenyewe: Lolei na Watawa Wake

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na wazee wetu mliokubali kuja jioni hii, shikamooni. Na wenzangu wa rika, habari zenu.

Niliombwa nizungumzie uhifadhi wa magofu. Nikiyasema ya jumla mtakubaliana nami wote, mtapiga makofi, na kila mtu atashika njia yake. Kwa hiyo nimechukua mahali pamoja, padogo, mbali sana na hapa, ambapo nina msimamo wangu na najua wamo humu ndani wasioukubali. Panaitwa Lolei.

Lolei iko Kambodia, katika mkoa wa Siem Reap, kiasi cha kilomita 13 upande wa mashariki wa mji. Ni mojawapo ya mahekalu matatu makuu ya Roluos. Mengine mawili ni Preah Ko na Bakong. Ukifika utaona minara minne ya matofali ya kuchoma, miwili mbele na miwili nyuma, juu ya jukwaa pana lililoinuliwa kutoka ardhini. Vilele vyake vimemomonyoka, na matofali yaliyobaki yana rangi ya kutu. Na hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye minara hiyo yenye umri wa zaidi ya miaka 1,100, kuna monasteri ya Kibuddha ambayo watu wake wako kazini. Kuna ukumbi wa ibada wenye paa la vigae na kona zilizochongoka kuelekea juu. Kuna nyumba za watawa, madumu ya maji, mbwa wamelala kivulini, na nguo za rangi ya zafarani zimeanikwa juani.

Wageni wengi hukereka. Wamekuja kuona magofu, wanataka picha ya magofu matupu, na kila wakisogeza kamera kuna kamba ya nguo au ukuta uliopakwa rangi juzi. Hata katika vitabu vya kuongoza wageni utakuta monasteri ya Lolei inatajwa kwa nusu sentensi, kana kwamba ni kitu kilichosahauliwa pale na mtu ambaye atarudi kukichukua.

Mimi nasema monasteri ile haikuvamia hekalu. Hekalu lina wenyewe, na wenyewe ni hao. Anayetaka kulihifadhi aanze kwa kuvua viatu, apande ngazi, akae nao mkekani, ndipo afungue makaratasi yake.

Nieleze kwa nini, na nianze na maji.

Mfalme Indravarman wa Kwanza alitawala Wakhmer, yaani wenyeji wa Kambodia, kuanzia mwaka 877 hadi 889. Mji wake mkuu uliitwa Hariharalaya, ambao ndio Roluos ya leo. Maandishi ya wakati wake yanasema kwamba alipokalia kiti aliahidi kuanza kuchimba ndani ya siku tano. Alichochimba ni bwawa lililoitwa Indratataka, lenye urefu wa kilomita 3.8 na upana wa mita 800. Kabla yake Wakhmer hawakuwahi kujenga bwawa la ukubwa huo. Akajenga pia Preah Ko kwa ajili ya wahenga wake, na mwaka 881 akaweka wakfu Bakong, piramidi ya mawe yenye ngazi tano, ambayo ni mzazi wa piramidi zote kubwa zilizofuata Angkor. Alitawala miaka 12 tu. Kuna wafalme waliokaa mara tatu ya hapo na hawakuacha hata kisima.

Kazi ya bwawa ilimaliziwa na mwanawe, Yasovarman wa Kwanza. Katikati ya maji ya baba yake palikuwa na kisiwa, na juu ya kisiwa hicho ndipo alipojenga Lolei, akaiweka wakfu mwaka 893. Minara ya mashariki ilikuwa ya wanaume: baba yake, na babu yake mzaa mama. Minara ya magharibi ilikuwa ya wanawake: mama yake na bibi yake. Kila mnara uliwekwa sanamu, na kila sanamu ilipewa jina lililomuunganisha marehemu na mungu. Baba akawa Indravarmeshvara, yaani mfalme Indravarman aliyeungana na Shiva, mungu wa Kihindu. Babu akawa Mahipatishvara. Mama aliitwa Indradevi, na bibi Rajendradevi. Baadaye Yasovarman alihama, akajenga mji mpya kuuzunguka mlima wa Bakheng, na mji huo ndio uliokuja kuwa Angkor. Lakini kabla hajahama aliwaacha wazazi wake mahali pema, wamezungukwa na maji.

Maji yale yalikauka zamani. Kwa vizazi vingi ndani ya bwawa pamelimwa mpunga, na kisiwa kimebaki mwinuko tu katikati ya mashamba. Mshike hilo la mwinuko, nitalirudia.

Sasa nataka niwapeleke karibu kabisa, mpaka kwenye mlango.

Milango ya minara ya Lolei ina miimo ya mawe ya mchanga, kijivu, laini ukiipapasa. Ukisimama pembeni asubuhi, jua likija kwa ubavu, utaona mwimo wote umejaa herufi kuanzia juu hadi karibu na kizingiti. Herufi ni ndogo, za mviringo, na mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Aliyezichonga hakuwa na nafasi ya kufuta. Sehemu moja ni mashairi ya Kisanskriti ya kumsifu mfalme, na hayo mnaweza kuyakisia wenyewe: mfalme ni simba, mfalme ni jua, maadui wamelala chini. Sehemu nyingine ni ya Kikhmer, na ndiyo inayonigusa zaidi. Ni orodha ya watu.

Ni orodha ya watumishi waliopewa hekalu, jina baada ya jina: watu wa ngoma na nyimbo, watu wa jikoni, watu wa mashambani. Wanahistoria hadi leo wanabishana kama watu hao walikuwa watumwa kabisa au walikuwa na haki fulani, na sitawadanganya kwamba maisha yao yalikuwa ya raha. Walitolewa na mfalme kama alivyotoa dhahabu na ng'ombe. Lakini majina yao yapo. Mfalme ametajwa kwa sifa, wao wametajwa kwa zamu. Na zamu hizo zimegawanywa kwa mwezi: hawa watahudumu katika nusu ya mwezi unaokua, wale watahudumu katika nusu ya mwezi unaopungua. Kila mungu wa Lolei alikuwa na kikosi chake cha mwezi unaokua na kikosi chake cha mwezi unaopungua.

Fikirini kinachosemwa na mlango ule. Mjenzi hakuridhika kusimamisha minara na kuondoka. Alichonga kwenye jiwe la mlangoni ni nani atakuwa hapa, siku zipi, akifanya nini. Kwa aliyeijenga, Lolei bila watu ilikuwa kazi isiyokwisha.

Nendeni leo kwenye monasteri iliyo pembeni muulize ni siku gani waumini huja kwa wingi. Mtaambiwa ni siku za ibada zinazofuata mwezi: siku ya nane na ya 15 ya mwezi unaokua, kisha ya nane na ya mwisho ya mwezi unaopungua. Bibi wa kijijini huja na wali, samaki na ndizi, amevaa shati jeupe, anapanda ngazi zile zile. Imani imebadilika, mungu aliyekuwa ndani ya mnara hayupo, lugha ya sala ni Kipali wala si Kisanskriti, lakini nusu mbili za mwezi zilizochongwa mwaka 893 bado ndizo zinazopanga nani apande kilima siku gani.

Mabadiliko ya imani hayakuja kwa siku moja. Mwishoni mwa karne ya 12 Jayavarman wa Saba, aliyetawazwa mwaka 1181, aliufanya Ubuddha wa Mahayana, mojawapo ya matawi makubwa mawili ya Ubuddha, kuwa dini ya dola, akajenga hekalu la Bayon lenye nyuso zile zinazojulikana duniani kote. Baada yake tawi la pili, Ubuddha wa Theravada, likaenea taratibu miongoni mwa watu wa kawaida. Mchina Zhou Daguan alifika Angkor mwaka 1296, akakaa hadi mwaka uliofuata, na aliwaandika watawa aliowaona: wananyoa vichwa, wanavaa njano, bega la kulia liko wazi, wanatembea pekupeku. Wanakula mara moja kwa siku, chakula kinatoka kwa watu. Wanasoma vitabu vya majani ya mtende. Msomaji wa leo anaweza kuchukua maelezo hayo, akaenda barabara ya Roluos saa moja asubuhi, akawaona wanaoelezwa wakipita na bakuli zao.

Hapo ndipo penye jambo ambalo akiolojia yetu imelidharau muda mrefu. Monasteri za Theravada zilijengwa kwa mbao. Mbao huliwa na mchwa, huungua, huoza kwa mvua za masika ya kule. Kwa hiyo mtafiti akifika anakuta mawe ya karne ya tisa na saruji ya karne ya 20, na katikati hakuna kitu, naye anaandika kwamba mahali paliachwa kisha pakavamiwa. Lakini mbao kutokuwepo hakuthibitishi kwamba watu hawakuwepo. Katika eneo la Angkor watafiti wamekuta majukwaa mengi ya mawe ambayo juu yake zilisimama kumbi za mbao za Kibuddha, na mawe ya mipaka yanayozunguka ukumbi wa ibada bado yamesimama pale ambapo kumbi zenyewe zimetoweka. Angkor Wat yenyewe, lile hekalu maarufu, ambayo tumesimuliwa sana kwamba ilimezwa na msitu, watawa hawakuwahi kuiacha. Mwaka 1632 msafiri Mjapani aliyeitwa Morimoto Kazufusa alifika pale kuhiji, akaandika kwa wino kwenye nguzo kwamba ameleta sanamu nne za Buddha. Maandishi yake bado yanaonekana. Mtu hahiji msituni.

Na kwa nini watawa walipenda kukaa kwenye mahekalu ya zamani? Nilisema mushike mwinuko. Wakati wa mvua nchi ile hujaa maji, mashamba yote huwa ziwa. Kisiwa cha Lolei kilijengwa kiwe juu ya maji, na hata baada ya bwawa kukauka bado ni mahali pakavu katikati ya tope. Kuna mawe yaliyokwisha chongwa, kuna ngazi, kuna njia. Kuna pia lile ambalo halipimwi kwa futi kamba: kwa wanakijiji mahali pale pana wenyewe wasioonekana. Wakhmer huwaita neak ta, mizimu walinzi wa ardhi, na mara nyingi jiwe la zamani, linga (nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva) iliyovunjika au sanamu isiyo na kichwa huwa ndiyo makao ya neak ta. Katika lango la magharibi la Angkor Wat kuna sanamu kubwa ya mikono minane, ya Vishnu kwa asili, na watu wanaipelekea maua na ubani wakiiita Ta Reach. Hawasumbuki kama ni ya Kihindu au ya Kibuddha. Ni mzee wa mahali, anaheshimiwa.

Sasa nije kwenye hoja ya upande wa pili, na nitaieleza kwa haki, maana ina nguvu yake.

Mwaka 1907 Siam, ambayo leo ni Thailand, iliirudisha Angkor kwa Kambodia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wafaransa, na mwaka uliofuata ikaundwa ofisi ya uhifadhi wa Angkor. Watu wa ofisi ile walifanya kazi kubwa, nami nawaheshimu. Henri Marchal alijifunza kwa Waholanzi wa Java namna ya kulifumua jengo jiwe kwa jiwe na kulisimamisha tena, na kwa njia hiyo akaisimamisha Banteay Srei kati ya 1931 na 1936. Maurice Glaize alifanya vivyo hivyo Bakong kuanzia 1936 hadi 1943, na mnara wa juu unaouona leo pale Bakong usingekuwepo bila yeye. Lakini pamoja na ufundi walileta picha yao ya gofu linavyopaswa kuwa: jiwe, nyasi, ukimya. Makao ya watawa yaliyokuwa mbele ya uso wa Angkor Wat yalihamishiwa pembeni ili mandhari yaonekane. Kwa wengi picha hiyo haijaondoka. Wanaoitetea leo hawana chuki na dini ya mtu. Wanasema tu: tazama madhara. Watawa wanajenga kwa saruji. Wanapaka rangi. Moshi wa ubani unapiga mawe. Ukumbi mpya ni mzito, na udongo uliorundikwa kutengeneza kisiwa miaka 1,100 iliyopita haukupangiwa uzito huo. Maji ya paa jipya yanamwagika wapi? Kwenye msingi wa mnara.

Yote hayo hutokea kweli. Mwanafunzi anayekwenda kwenye mahekalu yenye monasteri ajiandae kuyaona na kuyapima bila kumwonea mtu haya. Minara kama ya Lolei ni ya matofali yenye viungo vyembamba mno. Yamesuguliwa yakashikana, na kwa nje yalifunikwa lipu ya chokaa iliyochongwa nakshi. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Maji yakiingia lazima yapate pa kutokea. Fundi akiziba ufa kwa saruji anaona amesaidia, kumbe ameyafungia maji ndani, na ukuta unaanza kulika kutoka tumboni. Hilo halihitaji kwenda Kambodia. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar waliomo humu wanajua ukuta wa mawe na chokaa unavyovimba na kumenyeka ukipigwa lipu ya saruji, na wanajua kwamba aliyefanya hivyo mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa mapenzi yake, kwa sababu saruji ipo dukani na fundi wa chokaa hapatikani.

Mapenzi yapo, basi. Kinachokosekana ni chokaa, fundi, na mtu wa kwenda kuzungumza. Hayo yanatibika. Lakini kuwaondoa watu je, kunaleta nini?

Kambodia ilishaonja. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa Kikomunisti, waliingia mji mkuu, Phnom Penh, na hadi Januari 1979 hapakuwa na mtawa hata mmoja aliyeruhusiwa kuvaa vazi lake hadharani. Watawa walivuliwa nguo zao na kupelekwa mashambani, wengi waliuawa au walikufa kwa njaa na kazi. Monasteri zilibomolewa, nyingine zikageuzwa maghala, nyingine magereza. Vitabu vya majani ya mtende vilichomwa au vilioza. Hata baada ya utawala ule kuanguka, hapakuwa na mtawa wa kumweka wakfu mtawa mwingine, kwa sababu katika Theravada mtawa hufanywa na watawa. Mwezi Septemba 1979 watawa wa Theravada walitoka Vietnam, wakawaweka wakfu upya wazee saba Wakambodia katika monasteri ya Unnalom, Phnom Penh. Kwa hao saba Ubuddha wa nchi nzima ukaanza kuinuka tena.

Na mahekalu yaliyobaki bila watu wakati wa vita na miaka iliyofuata yalipatwa na nini? Hakuna aliyefaidi ule ukimya isipokuwa wezi. Koh Ker, mji mkuu wa karne ya 10 ulio mbali na vijiji vikubwa, uliporwa kwa misumeno na patasi. Sanamu zilikatwa miguuni, nyayo zikabaki zimesimama juu ya misingi yake. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilirudisha sanamu mbili za watumishi waliopiga magoti zilizotoka Koh Ker, na mwaka uliofuata ikarudi sanamu ya Duryodhana, shujaa wa hadithi za Kihindu, iliyokuwa imefika kwenye nyumba ya mnada. Nyayo zake zilikuwa zimebaki hekaluni muda wote huo. Nikisikia mtu anasema gofu tulivu ndilo gofu salama, huzikumbuka nyayo hizo.

Sisemi kwamba monasteri huzuia kila wizi. Lolei yenyewe imepungukiwa na vingi, na tangu zamani vipande vya thamani vimekuwa vikihamishiwa kwenye maghala ya serikali ili visiibiwe. Nasema tu kwamba mahali penye mtu anayeamka saa kumi alfajiri, anayefagia, anayemjua kila mtoto wa kijiji na kumshangaa kila mgeni anayekuja usiku, pana mlinzi ambaye hakuna bajeti ya mambo ya kale inayoweza kumlipa.

Kuna mahali ambapo ndoa hii ya kale na mpya imekwenda mbali kuliko Lolei, nami napapenda. Ni Wat Nokor, nje kidogo ya mji wa Kampong Cham. Hekalu lake ni la mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa ya 13, la mawe ya mchanga na lile jiwe jekundu la lateraiti, ambalo huchimbwa likiwa laini na hukauka gumu likipigwa na hewa. Lilijengwa kwa ajili ya Mahayana. Katika karne ya 16 mnara wake wa kati ulifanyiwa kazi upya kwa ajili ya Theravada, ukawa stupa, mnara mtakatifu wa Kibuddha. Kisha katika zama zetu ukumbi wa ibada ukajengwa ukiwa umeshikana kabisa na mnara ule. Unaingia chini ya dari lenye picha za maisha ya Buddha, nyekundu, samawati, dhahabu, nguzo zote zimepakwa rangi, na mbele yako, pale ambapo ungetarajia ukuta, unakuta jiwe la kale limekaa kimya likiwa na nakshi zake. Watu wanasali wakilielekea. Sijui mstari wa kugawa gofu na msikiti, samahani, gofu na nyumba ya ibada, ungeupitisha wapi pale. Karne zote tatu zinatumika kwa wakati mmoja.

Kwetu sisi pwani jambo hili si la ugenini. Mwaka 2004 Kamati ya Urithi wa Dunia iliiondoa Angkor kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ambako ilikuwa imewekwa tangu ilipotambuliwa mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2004, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye orodha hiyo hiyo. Zilikaa humo miaka 10, hadi 2014. Na Kilwa Kisiwani nayo si gofu tupu. Watu wanaishi pale, wanavua, wanalima, wanapita na mitumbwi chini ya Gereza, wanazika wafu wao, wanajua kaburi lipi ni la nani. Kila mpango wa uhifadhi ulioandikwa ofisini bila wao umekuwa mzito kutekelezeka.

Kwa Angkor serikali ya Kambodia iliunda APSARA, mamlaka ya kusimamia eneo hilo, mwaka 1995, na mwaka mmoja kabla yake amri ya kifalme iligawa eneo katika kanda za ulinzi. Vijiji na monasteri vimo ndani ya kanda hizo, na kujenga humo kunahitaji ruhusa. Ni sheria nzuri. Lakini ruhusa ni mlango wa kusema hapana. Mtawa anayeambiwa hapana kila mwaka, wakati waumini wamekwisha changa fedha za ukumbi na wanataka kuona thawabu yao imesimama, ataacha kuuliza. Kwa Mbuddha wa Kambodia kuchangia jengo la monasteri ni njia ya kujiwekea akiba ya wema, kwa ajili yake na kwa marehemu wake. Tena mwezi wa Septemba au Oktoba, katika zile siku 15 za Pchum Ben, familia huleta chakula monasterini kwa ajili ya wahenga wao wa vizazi saba. Yasovarman naye aliwajengea wazazi wake minara kwa sababu hiyo hiyo ya kuwahudumia wafu. Huwezi kumwambia mtu asijenge na usimwonyeshe mahali pengine pa kuweka mapenzi yake.

Hapo ndipo ningependa kazi yetu ifanyike. Fedha zile zile za waumini zingeweza kulipa mfereji wa kutoa maji ya paa mbali na minara, na jina la mchangiaji likaandikwa kwenye mfereji kama linavyoandikwa kwenye nguzo. Zingeweza kulipa tanuri la chokaa. Vijana wanaoingia utawa kwa msimu mmoja wa mvua, kama ilivyo desturi kule, wangeweza kufundishwa kung'oa miche ya miti kwenye nyufa ingali midogo kama kidole, kabla mizizi haijapata nguvu ya kusukuma matofali. Wanapanda na kushuka pale kila siku. Mtaalamu anafika mara mbili kwa mwaka na gari lake linamsubiri. Ukumbi mpya ukihitajika ujengwe chini ya kilima, na uamuzi huo utoke kwa mkuu wa monasteri na wazee wa kijiji, mbele ya waumini, ili usionekane umeletwa na bahasha.

Na ninyi wanafunzi mnaokwenda kufanya mafunzo kwa vitendo mwezi ujao, iwe Kilwa, iwe Bagamoyo, iwe Pemba, nina ombi moja tu. Katika fomu yenu ya kukagua jengo kuna nafasi ya vipimo, ya vifaa vya ujenzi, ya nyufa, ya hali ya paa. Ongezeni mstari mmoja kwa mkono: nani anapafagia hapa, na kwa zamu gani? Muulizeni mtu huyo jina lake na mliandike vizuri, mkishapata idhini yake. Mchonga mawe wa Lolei aliona jambo hilo linastahili mwimo mzima wa mlango.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda umekwisha. Maswali nayapokea, na ningefurahi la kwanza litoke kwa yule anayeona watawa wahamishwe.